Kamusi ya Madan ya 1903 yenye maandishi ya wamiliki wake: yaachwe au yafutwe?

Mkusanyaji wa Tanga:
Ndugu zangu wapenzi wa vitabu vya zamani, nimenunua kwa muuza vitabu vya mitumba hapa Tanga nakala ya kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya A. C. Madan, iliyochapwa Oxford mwaka 1903. Ukurasa mtupu wa mbele umeandikwa na watu watatu. Juu pana maneno ya Kiingereza, kwa wino uliogeuka kahawia, yanayosema kwamba kitabu ni zawadi ya Krismasi ya 1908 kwa mwanafunzi wa Kiungani. Chini yake pana mstari wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu unaoanza na "milki ya", kisha jina la mtu mwingine. Pembeni, kwa penseli, pana hesabu ya pishi za mchele na bei zake kwa rupia. Mfanyabiashara mmoja ananishauri niukate ukurasa huo kwa wembe ili kitabu kionekane safi na kipate bei. Je, ni ushauri mwema? Na nitajuaje kwamba maandishi hayo ni ya kale kweli, wala hayakuongezwa juzi ili kumvuta mnunuzi?

Mhifadhi Mstaafu:
Ndugu yangu, nakusihi usiuguse ukurasa huo kwa wembe, kifutio wala dawa yoyote. Nakala safi za kamusi hiyo zipo katika maktaba nyingi, lakini nakala iliyopitia mikononi mwa watu hao watatu ni hiyo moja tu. Kumbuka pia kwamba Kiungani, karibu na mji wa Unguja, ndiko kilikokuwa chuo cha UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ambayo Madan mwenyewe aliitumikia. Mwaka 1887 alichapisha kitabu cha masimulizi ya wavulana wa chuo hicho, ambao wengi wao walikuwa wamepitia utumwani. Kwa hiyo kamusi ya Madan mikononi mwa mwanafunzi wa Kiungani ni kiungo cha historia ambacho mwenye kupenda vitabu hawezi kukipuuza.

Kuhusu ukale wa maandishi hayo, anza na tarehe. Mwaka 1908 hautangulii mwaka wa uchapaji, na hilo ni jema. Lakini hakikisha kwamba ukurasa wenyewe umeshonwa pamoja na kitabu, haukubandikwa kwa gundi ukitoka kwingine. Kisha tazama kalamu. Kalamu za biro zilianza kuenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo ukikuta alama ya biro chini ya tarehe ya 1908, shughuli imekwisha. Wino wa chuma wa zamani hugeuka kahawia na mara nyingi huacha kivuli chake kwenye ukurasa unaoukabili. Chukua kioo cha kukuzia uchunguze kingo za herufi: wino mpya ukitiwa kwenye karatasi kuukuu hupenda kusambaa, kwa sababu karatasi imepoteza ule ugumu wa juu unaouzuia. Wadudu nao ni mashahidi wazuri. Tundu likikata herufi katikati, na wino usiwe umechuruzika ndani ya tundu, basi mwandishi alimtangulia mdudu.

Msomaji wa Unguja:
Naunga mkono, na ninaomba hesabu ya mchele isidharauliwe. Unguja iliendelea kutumia rupia hadi mwisho wa 1935, ilhali Tanganyika ilikuwa imekwisha ingia katika shilingi tangu miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza. Ikiwa kitabu kilikuwa bado Unguja, basi penseli hiyo inaelekea kuwa ya kabla ya 1936. Wakusanyaji wengi hukimbilia saini za magavana na maaskofu, nami naona wanakosea: barua za wakubwa hao zimejaa katika nyaraka, ila msomaji wa kawaida wa Kiafrika wa mwaka 1908 ametuachia maandishi machache mno, na pengine ni ukurasa kama huo tu.

Jambo moja zaidi. Usome vizuri mstari wa herufi za Kiarabu mpaka mwisho. Vitabu vingi vya pwani, hasa vya dini, vimeandikwa neno wakfu, na kitabu cha wakfu hakiuzwi. Ukikikuta sokoni, tafuta msikiti au ukoo kilikotoka. Vilevile ukiona muhuri wa shule au maktaba usio na alama ya kuonyesha kwamba kitabu kiliondolewa kihalali, waulize wenyewe kabla hujalipa.

Mkusanyaji wa Tanga:
Nawashukuru sana. Mstari unaishia kwenye jina la mtu na jina la mtaa, hauna wakfu, wala hapana muhuri popote. Tundu moja la mdudu limepita katikati ya neno la Kiingereza, na wino haukuchuruzika. Je, nianzie wapi kumtafuta mwanafunzi huyo?

Mhifadhi Mstaafu:
Kumbukumbu za UMCA zimehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Waandikie ukitaja jina na mwaka. Kabla ya hapo, piga picha ukurasa huo penye mwanga wa mchana, funga kitabu kwa karatasi isiyo na asidi, na ukiweke mbali na ukuta wenye unyevu, maana joto la Tanga na ukungu wake huharibu karatasi upesi. Jina la mtaa nalo ulilete hapa. Wazee wa Unguja wamo humu.