Naishi Mwanza, zamu ya akiba iko Dar: nihamishe familia au niendelee hivi?

Mwana wa Bwiru

Habari zenu wakuu. Mimi ni rubani msaidizi, mwaka wa pili kazini, na bado niko akiba, wenyewe tunaita stendibai. Sipangiwi safari, nakaa nasubiri simu, na ikilia natakiwa niwe nimeripoti uwanjani Dar ndani ya dakika 90. Mke wangu ni muuguzi hapa Mwanza, tuna binti wa miaka mitano, na mama yangu mwenye kisukari tunaishi naye Bwiru.

Ratiba ni siku 6 za akiba, 4 za mapumziko. Chumba nilichopanga Kipawa, Dar, ni 200,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Tiketi ya wafanyakazi 60,000 kwenda tu, naenda na kurudi mara tatu kwa mwezi, hiyo ni 360,000. Chakula na bajaji kama 180,000. Jumla 740,000 kabla sijanunua hata unga wa nyumbani. Tiketi yenyewe haina uhakika wa kiti, abiria wa kulipa wakijaa unabaki. Desemba niliachwa na ndege mbili siku moja, nikanunua tiketi kamili kwa 310,000. Mwezi uliopita nilikaa akiba siku 18, nikaitwa 4. Posho ya saa za kuruka inaingia ukiruka tu.

Na zile siku 4 si nne. Ya kwanza inaishia kwenye kusubiri kiti, ya mwisho naondoka mchana. Binti ameshajua: akiona napiga pasi shati jeupe, anatoka nje bila kuaga.

Hayo yote nayabeba. Baba aliuza ng'ombe na kiwanja Magu nikasome, siwezi kuiacha kazi hii. Kilichonileta hapa ni kingine. Majuzi ndege ya usiku ilichelewa, nikafika Kipawa saa saba usiku. Akiba yangu ilianza saa kumi na moja alfajiri, na simu ikalia saa kumi na moja na dakika ishirini. Nikaenda. Tukiukaribia uwanja wa Songwe, mnara wa kuongozea ndege uliita mara mbili sikusikia, kapteni akajibu. Tulitua salama, wala hakunigombeza. Lakini tangu siku hiyo silali vizuri. Nifanyeje?

Kapteni Mstaafu

Mwanangu, umefanya vyema kusema. Februari 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Rubani msaidizi alikuwa anaishi upande wa Seattle na kituo chake kiko Newark, pwani ya pili ya nchi. Usiku wa kuamkia kazi alisafiri kwa ndege za mizigo, akabadilisha Memphis. Kapteni naye kwao Florida, alilala kwenye chumba cha kupumzikia wafanyakazi. Wachunguzi walisema chanzo ni namna kapteni alivyolijibu onyo la ndege kukaribia kupoteza mnyanyuo, ile nguvu inayoishikilia hewani. Uchovu waliutaja pia, ingawa hawakuweza kupima uliwaathiri kiasi gani. Kuanzia Januari 2014 Wamarekani wanataka rubani apate saa 10 za mapumziko kabla ya kazi, ndani yake nafasi ya kulala saa 8.

Ila sheria inahesabu mapumziko, haijui wewe umeyatumia kwenye kiti cha ndege ukitoka kwako. Hilo unalijua wewe peke yako. Ndege ya mwisho ya usiku iache kabisa. Na ukiitwa hujalala, sema "nimechoka, siwezi kuruka". Mimi nilisema hivyo mara tatu katika miaka 31. Watakuandikia barua ya kujieleza, jieleze.

Mama Mapacha, Kirumba

Mdogo wangu, mimi mume wangu yuko mgodini Geita. Zamani mapumziko yake yalikuwa yanaliwa pale Busisi, foleni ya kivuko, anafika nyumbani usiku watoto wamelala. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 anavuka kwa dakika chache, na ndipo nikaona tulichokuwa tumepoteza miaka yote ile. Daraja la kwenda Dar huna. Kabla ya kuuliza sisi, je, mkeo umemuuliza? Uhamisho wa muuguzi si wa siku moja, na mama mgonjwa hahamishwi kama kabati.

Mhudumu wa Angani

Kaka, chumba cha peke yako cha nini? Sisi tuko wanne Ukonga, kila mtu 70,000 na godoro lake. Halafu waombe wanaokupangia ratiba wakuunganishie: akiba 12, mapumziko 8. Nauli inabaki nusu.

Mwana wa Bwiru

Shikamoo kapteni, nashukuru sana. Dada Mama Mapacha, nilikuwa sijamuuliza. Nimemuuliza jana usiku, nikamweleza na habari ya Songwe, ambayo nilikuwa nimemficha. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema siku ya mwisho niondoke na ndege ya asubuhi, hata kama binti atalia. Kwa ratiba ya 12 na 8, safari zinashuka kutoka sita hadi tatu kwa mwezi, nauli 180,000. Barua ya kuomba nimeiandika, napeleka Jumatatu. Mhudumu, hapo Ukonga kuna nafasi ya godoro la tano?