Ushauri: Nifunge inteki ya hewa baridi kwenye Mark X au niache boksi la Toyota?

Kijana wa Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Nina Mark X GRX120 ya 2006, injini 4GR, cc 2,500. Siku hizi naiona nzito, hasa mchana foleni ikiwa kubwa Kilwa Road. Ukikanyaga inachelewa kuitika, usiku inakuwa nyepesi kama kawaida. Plagi mpya, filta ya hewa mpya, oili nimebadilisha. Kuna fundi kaniambia nitoe boksi la ea klina (lile la filta ya hewa) nifunge inteki, yaani koni (filta ya wazi) na bomba la alumini, eti gari itapumua. Mwingine anasema bomba la PVC la maji linatosha, filta ninunue Kariakoo, kazi imekwisha. Nani kafunga hii kitu akaona faida? Na bomba liwe saizi gani? Natanguliza shukrani.

Bwana Torki
Mkuu, nilifunga koni kwenye Altezza. Nguvu sikuiona, ila mtaa mzima ulikuwa unajua nimerudi.

Fundi Spana 10
Kijana, usinunue kitu kwanza. Boksi la Toyota lenyewe tayari ni inteki ya hewa baridi. Lina mdomo unaovuta hewa kule mbele, nje ya joto la injini. Ukilitoa ukaacha koni wazi chini ya boneti, injini inavuta joto lake yenyewe. Kwa ujazo uleule, hewa ya nyuzi 60 ni pungufu kwa kama asilimia 9 ukilinganisha na ya nyuzi 30. Yaani unatoa hela ili upunguziwe nguvu.

Saizi ya bomba ndipo watu wanapoumia. Baada ya filta kuna sensa ya MAF, kile kiwaya cha moto kinachopima hewa. Kiwaya hakijui bomba lako lina upana gani. Kinahisi hewa inayopita pale kilipo tu, iliyobaki kompyuta inakadiria kwa kipenyo cha kiwandani. Chukulia shingo ilikuwa milimita 70, wewe ukaweka 76 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. Eneo limeongezeka kama asilimia 18, hewa inapita taratibu, sensa inasoma pungufu, petroli nayo inatoka pungufu. Mwendo wa kawaida sensa za oksijeni za ekzosi zitarekebisha. Ukikanyaga mpaka chini kompyuta haizisubiri tena, na injini inafanya kazi ngumu kwa mafuta machache. Taa ikiwaka, pima: mara nyingi utakuta P0171 na P0174 kwa pamoja, kodi za kusema mafuta ni machache kuliko hewa, maana 4GR ni V6, silinda zake ziko pande mbili.

Na wale wanaohamishia sensa kwenye kona ya bomba, hewa pale inazunguka hovyo, usomaji hautulii hata gari ikiwa sailensa, yaani imewashwa bila kukanyagwa mafuta.

Dada Dereva
Naongezea. Filta za pamba za kupaka mafuta ukizipaka mengi yanarukia kwenye kiwaya hicho hicho. Halafu kuna wanaoshusha koni chini nyuma ya bampa ili ipate ubaridi. Hao waulizwe masika ikifika wanapita vipi Jangwani pakifurika. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda pistoni inagota, konrodi (mkono wa pistoni) inapinda, unaanza kuulizia bei ya injini.

Wa Ngong Road
Salamu kutoka Nairobi. Huku tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kila mara kuna mtu anadhani inteki itamrudishia nguvu ya Mombasa. Hairudishi. Ndugu, tafuta kifaa cha OBD (cha kusoma kompyuta ya gari) cha bluetooth, unganisha na simu, angalia joto la hewa inayoingia. Pima kwenye foleni, pima tena ukiwa mwendoni. Foleni itapanda tu, hiyo isikutishe. Ukiwa mwendoni ikizidi ya nje kwa nyuzi tano hadi kumi hivi, boksi lako liko sawa, weka pesa mfukoni.

Kijana wa Mbagala
Nimeazima kifaa. Nje 31. Foleni ya Mtoni kwa Aziz Ally imefika 63. Nikapata barabara wazi, kilomita 80 kwa saa, ikashuka mpaka 49 na kugoma hapo.

Fundi Spana 10
49 mwendoni ni nyingi mno. Fungua boneti, fuata boksi kuelekea mbele. Ule mdomo wa plastiki upo?

Kijana wa Mbagala
Haupo! Kuna tundu tupu kwenye boksi, linatazama upande wa feni za rejeta. Gari iligongwa mbele kabla sijainunua, bampa na shoo vimebadilishwa. Nadhani hawakuurudisha.

Bwana Torki
Kwa hiyo inakula upepo wa rejeta mchana kutwa 😂 Na ungefunga koni ungeendelea kuula.

Fundi Spana 10
Tafuta mdomo wa yuzidi, Gerezani hukosi, nenda na picha ya boksi lako. Angalia na raba ya kuziba pale unapoingia. Ukikosa kabisa tengeneza mwenyewe, maana kabla ya filta una uhuru, sensa haidanganyiki kirahisi. Kuanzia filta kwenda kwenye injini usiguse. PVC ikae mbali na ekzosi, ikikaribia nyuzi 80 inalegea.

Kijana wa Mbagala
Mrejesho: nimepata, nimefunga. Mwendo uleule, nje 32, sasa inasoma 38. Mchana inaitika. Gari ya mbio haijawa, lakini ule uzito umeondoka.

Mzee wa Crown
Mimi Crown yenye 4GR hiyohiyo. Mdomo wa Mark X unaingia?

Fundi Spana 10
Shikamoo mzee. Injini moja, sura ya mbele si moja. Nenda na gari, jaribisha palepale kabla hujalipa.