Tupeane uzoefu: wewe ulizipanga vipi njia za URL kwenye CMS yako?

fundi_wa_mokowe
Salaam wakuu. Huku kwetu Lamu, na Malindi pia, saiti nyingi tunazotengeneza ni za nyumba za wageni, mashua, madrasa na mikahawa, karibu zote WordPress, Joomla chache (hizo ndizo CMS, programu za kuendeshea saiti). Na kila saiti ikishasimama lazima siku moja mwenyewe aseme hii anwani ya ?p=123 siitaki, nataka ionyeshe mji, mtaa na jina la nyumba. Basi tupeane visa vya kweli, nadharia tumeshaisoma. Naanza mie.

Kuna tajiri ana nyumba za kukodisha huku na huku. Shela ya Lamu mwaijua, na Malindi nako kuna Shella, ambayo watu wengi huiandika vilevile kwa L moja. Mitaa aliiweka kama kategoria, na WordPress haikubali slagi (lile neno la jina kwenye anwani) mbili za aina moja kwenye kategoria, ile ya pili ikapachikwa mkia ikawa shela-malindi. Mwenyewe akakasirika, ati mbona Malindi inaonekana nyongeza. Nikamtolea kategoria nikaweka mji na mtaa kama peji, manake peji zikiwa na mzazi tofauti zaweza kuwa na slagi moja, kwa hivo /lamu/shela na /malindi/shela zinakaa pamoja bila ugomvi. Nyumba zenyewe nikazifanya aina yake ya posti halafu nikaandika kanuni hii:

add_rewrite_rule('^(lamu|malindi)/([^/]+)/([^/]+)/?$', 'index.php?post_type=nyumba&name=$matches[3]', 'top');

Nyumba zikafunguka vizuri sana. Ila kulikuwa na peji ya /lamu/shela/bei, hiyo ikafa, 404, yaani haipatikani. Kumbe haishangazi, WordPress inazisoma kanuni kutoka juu kwenda chini na ile ya kwanza kulingana ndo inashika usukani, sasa "bei" nayo ni neno la tatu baada ya mji, ikaenda kutafutwa nyumba inaitwa bei. Tajiri hakutaka kuongeza neno "nyumba" katikati ya anwani, ati inarefuka, basi juu ya kanuni ile nikaandika nyingine ya bei peke yake inayopeleka kwa pagename, yaani itafutwe peji yenye jina hilo. Kanuni nyembamba juu, pana chini, hapo mambo yakatulia.

Na jambo ambalo watu wengi hawalishiki, hiyo kanuni ni ya kusoma tu anwani inayoingia. Haibadilishi anwani ambayo WordPress inaiandika yenyewe kwenye menyu, kwenye sitemap (orodha ya peji za saiti) na kwenye canonical (anwani rasmi ya peji kwa Google). Hiyo wataka filta (kipande cha kodi cha kubadilisha kinachotoka WordPress) ya post_type_link, bila hiyo mgeni akiandika anwani mpya anafika lakini saiti yenyewe yaendelea kutangaza ile ya zamani na Google inaifuata ile ya zamani.

binti_langoni
Nyongeza kwa kaka hapo juu. Ile index.php?... iandikwe ndani ya alama moja za nukuu. Ukiweka mbili PHP inadhani $matches ni kigezo chake, inakijaza na hewa, halafu unakesha ukishangaa mbona kila anwani inaleta kitu kimoja. Na kama umetunga kigezo chako mwenyewe, tuseme "mtaa", kisajili kwenye query_vars (orodha ya vigezo ambavyo WordPress inavikubali), la sivyo WordPress inakitupa kimyakimya bila hata onyo.

Mimi nilirithi saiti ya watu wa mashua, fundi aliyetangulia alikuwa ameweka flush_rewrite_rules kwenye init. Manake kila mtu akifungua peji kanuni zote zatengenezwa upya na kuandikwa kwenye database! Saiti ilikuwa yajikokota mwenyewe akilaumu intaneti ya kisiwani. Hiyo kitu iitwe plagini ikiwashwa, basi. Ukibadilisha kanuni kwa mkono nenda mipangilio ya permalinki (anwani za kudumu za peji) bonyeza kuhifadhi, hata bila kugusa chochote, inatosha.

kisumu_ndogo_dev
Dada umenichekesha na intaneti ya kisiwani 😂 huku Malindi nako tunailaumu hivohivo

ustadh_wa_kodi
Assalaam aleikum. Changu ni cha madrasa. Maalim alikuwa akiweka vichwa vya habari kwa Kiarabu, ratiba za darsa, matangazo ya Maulidi, na slagi WordPress inaichukua kwa kichwa. Herufi moja ya Kiarabu ikigeuzwa kuwa ya URL inakuwa alama sita, %D8%A7 kwa mfano ni alif peke yake, na ile safu ya slagi kwenye database mwisho wake ni 200. Pigeni hesabu, haifiki hata herufi thelathini na nne, kichwa kirefu kinakatwa mkia.

Lakini shida kubwa haikuwa kukatwa. Ilikuwa WhatsApp. Ukituma linki kwenye grupu la wazazi inatokea msururu wa asilimia na namba, wazee wakaiona ni ya matapeli hakuna anayeigusa, ikawa tangazo linatumwa na bado watu wanapiga simu kuuliza darsa ni saa ngapi. Tukakubaliana na maalim kichwa kibaki Kiarabu, slagi iandikwe kwa mkono kwa Kiswahili: ratiba-ya-maulidi, darsa-za-jioni. Zile posti za zamani tulipozibadilisha WordPress ikakumbuka slagi ya kale na kupeleka watu kwenye mpya yenyewe. Ila jamani hilo ni kwa posti. Peji haziwekewi kumbukumbu hiyo, ukibadilisha slagi ya peji andika ridairekti (agizo la kupeleka mgeni kwenye anwani mpya) mwenyewe.

mzee_wa_seva
Hapo kwa ridairekti nina kisa. Nyumba moja ya wageni hapa Amu, saiti yao ya mwanzo ilikuwa ya HTML tupu, na mwenyewe akaenda kwa fundi wa milango akachongewa kibao kizuri cha mbao na anwani nzima, mpaka /rooms.html mwishoni. Baadaye wakahamia WordPress, peji ikawa /vyumba/. Mwambie sasa abadilishe kibao! Kimetiwa na nakshi za maua pembeni, hakitoki pale ukutani mpaka kiyama.

Basi URL ndo ikakifuata kibao. Kijana wao alishaweka mstari kwenye .htaccess (faili la maagizo ya seva) ukafanya kazi, halafu ukapotea, akauweka tena, ukapotea. Nikaangalia, alikuwa akiuweka katikati ya # BEGIN WordPress na # END WordPress. Sehemu hiyo ni ya WordPress, kila ukihifadhi permalinki inaiandika upya na chako chaenda na maji. Tukaupandisha juu ya BEGIN, chini ya RewriteEngine On:

RewriteRule ^rooms\.html$ /vyumba/ [R=301,L]

Umekaa mpaka leo. Na mkiwa mwajaribu anzeni na 302 (ya muda), manake 301 (ya kudumu) brauza inaihifadhi, utarekebisha seva na simu yako itaendelea kukupeleka kulekule kwa zamani.

kisumu_ndogo_dev
Mzee hiyo ni kwa seva za Apache lakini. Mimi klaienti wangu alihamishiwa kwenye seva ya Nginx, homu peji inafunguka, zingine zote 404, akaniambia saiti imerogwa. Nginx haisomi .htaccess kabisa. Dawa yake ni kwenye konfigi ya seva:

try_files $uri $uri/ /index.php?$args;

na zile ridairekti zote zihamishwe huko pia. Mwenye saiti ni wa ziara za magofu, nusu ya linki zake za kale ni /gedi na nusu ni /gede, kila mtu na tahajia yake. Tulichagua gede, gedi ikawa ya kuelekeza tu.

fundi_wa_mokowe
Kuna yeyote wa Joomla?

binti_langoni
Kidogo. Joomla anwani inafuata menyu. Makala isiyo na menyu yake wala ya kategoria yake inatoka na /component/content/ mbele, mbaya hivo. Unatengeneza menyu ya siri isiyoonyeshwa popote, unaziweka humo kategoria, anwani zinanyooka. Na tangu Joomla 3.8 kuna rauta (kisoma anwani) mpya inayokuruhusu kuondoa zile ID, namba za makala, kwenye anwani, ila ukiziondoa kwa saiti iliyokwishazoeleka tengeneza kwanza orodha ya linki za zamani, manake zitabadilika zote kwa mpigo mmoja.

ustadh_wa_kodi
Shukran dada. Kuna msikiti wanataka kuhama Joomla mwezi ujao, hiyo orodha naanza nayo kesho.