Nimewekewa muvi ya wizi sikuiomba, nikajua utopolo, imenikesha (Logan Lucky)

mwana_uyole:
Wakuu habari za usiku. Huku Uyole baridi imeanza kung'ata, jana nikasema sitoki, najifungia ndani na muvi. Sasa jamaa anayetujazia flashi pale Mwanjelwa alikuwa kaniwekea Logan Lucky ya 2017, mimi sikuiomba wala sijawahi kuisikia, nikajua ni zile komedi za makelele, nikaiwasha ili initafutie usingizi tu. Usingizi haukuja!

Stelingi ni Channing Tatum, anaitwa Jimmy, anachechemea, na kisa huo mguu kapunguzwa kazi, walikuwa wanachimba chini ya uwanja wa mbio za magari wa Charlotte kule Marekani maana ardhi ilikuwa inatitia. Mdogo wake Clyde (Adam Driver) anauza baa, mkono mmoja aliuacha vitani Iraq. Basi wanapanga kuiba hela za uwanja, na mtaalamu wao wa kulipua yuko jela, kwa hiyo wamtoe jela, waibe, wamrudishe siku hiyohiyo kabla hajashtukiwa. Na hakuna hata mtu mmoja anayepigwa risasi muvi nzima.

Ninachouliza, mwishoni Jimmy anaziacha hela kwenye gari polisi wanazikuta, halafu baadaye watu wanachimbua hela, wengine wanaletewa. Zimetoka wapi??

fundi_mafinga:
Kamwene kaka. Irudie pale wanapozitoa hela chini. Mauzo yote ya uwanjani yanasafirishwa kwenye mabomba ya hewa mpaka chumba cha hela, wao wakazinyonya kwa mashine. Sasa sio mabegi yote yaliyopanda kwenye lile gari, mengine Jimmy aliyapitisha kama mifuko ya taka yakaenda dampo na uchafu wa uwanja, akayafuata baadaye kimyakimya, hata wenzake hakuwaambia. Zile alizoacha zikutwe ndio zilipoza kesi, uwanja ukarudishiwa na bima ikalipa pia, sasa bosi wa uwanja ana haja gani ya kukaa kuhesabu zimepungua ngapi? Mimi hapo nilisimama nikapiga makofi peke yangu.

Na wale mende waliopakwa rangi ya kucha ili wajue bomba lipi linaenda wapi!! Dada yao ni msusi, ndio maana rangi ipo. Kila kitu wanachotumia ni cha nyumbani kwao, hamna kompyuta za ajabu ajabu.

mchimbaji_chunya:
Mimi nimekaa kwenye mashimo ya dhahabu miaka, niseme la upande wangu. Pale Daniel Craig, ndiye yule mlipuaji wa jela, ameweka mzigo wake wa pipi za jeli haulipuki, anainuka anaenda kuangalia, mwili wote ulinisisimka. Kwetu baruti ikigoma hausogei, unakaa mbali unasubiri sana, kuna watu tumewazika kwa kukosa subira hiyo. Lakini jamaa kaigiza vizuri, nimezoea kumwona na suti na bastola, humu ana nywele nyeupe fupi na tatuu, anawaandikia wenzake hesabu za kemia ukutani huku muda unakwisha kama mwalimu wa fomu tu.

Ila nusu saa ya kwanza inajivuta, tuseme ukweli. Na yule askari wa FBI angeingia mapema, kaja mwishoni muvi imeshatulia.

mama_wawili_tukuyu:
Nyie wote mmeruka sehemu yenyewe. Yule binti wa Jimmy kajiandaa wiki zote kuimba wimbo wa Rihanna kwenye mashindano, anamwona baba yake ameingia nyuma ya ukumbi, anabadilisha anaimba ule wa John Denver wa 1971 unaotaja West Virginia, kwao huko, mwanzo sauti inatetemeka haina hata muziki, ukumbi mzima ukaanza kumsaidia kuimba. Nililia wanangu wakaniuliza mama vipi. Marehemu baba alikuwa na kanda ya huo wimbo, anaupiga tukitoka kuchuma chai, na mvua ya Tukuyu mnaijua. Muvi ya wizi sikutegemea inipeleke huko.

fundi_mafinga:
Mama umenifanya niitafute tena hiyo sehemu. Mwana_uyole ukitaka nyingine tafuta Ocean's Eleven ya 2001, dairekta ni huyohuyo Steven Soderbergh, ila kule wezi wanavaa suti na wanaibia kasino za Las Vegas. Mimi nawapenda zaidi hawa wa Logan kwa sababu watu wanawaona wajinga kuanzia mwanzo, mguu mbovu, mkono hamna, lafudhi ya kijijini, na wao wanatumia hukohuko kudharauliwa.

mwana_uyole:
Ndaga sana wakuu, ya taka ilinipita kabisa. Braza anapanda leo kutoka Kyela, namwekea kuanzia mwanzo na simwambii kitu.