Tupeane uzoefu: akaunti feki zinazojisajili kwenye tovuti za vikundi mnazizuiaje?

Mlinda Lango: Wakuu, nasimamia tovuti ya sisi tuliosoma shule moja. Leo nimekuta "wanachama" wapya wengi kuliko darasa letu lote. Majina hayasomeki, kila wasifu una kiungo cha kamari, na hakuna hata mmoja aliyeandika neno. Nyie mnafanyaje?

Kaka Bandari: Hawana haja ya kuandika. Wanataka kiungo kikae pale ili Google ione tovuti yao inatajwa kila mahali. Dawa ya nofollow, alama ya kuiambia Google isikihesabu kiungo, ipo tangu 2005 na bado wanakuja. Toa kabisa kisanduku cha tovuti kwenye wasifu.

Binti Mrima: Weka kapcha tu, lile fumbo la kuthibitisha kuwa wewe si roboti.

Fundi Chuma: Kapcha peke yake haitoshi, kuna watu wanalipwa vijisenti kutwa kuzitatua. Mimi niliuliza kwa Kiswahili: "Ugali hupikwa kwa unga wa nini?" Wakakatika siku ileile.

Mwana wa Ziwa: Kumbe ni wewe! Niliandika muhogo nikakataliwa.

Fundi Chuma: Jibu ni mahindi, mkuu. Ndio unaoliwa na wengi.

Mwana wa Ziwa: Wengi wa wapi? Ukerewe tumekulia udaga wa muhogo. Usitufanye sisi ndio roboti.

Binti Mrima: Ruhusu mahindi, muhogo, mtama na ulezi, yaishe.

Mama Nuru: Hao wa kamari ni afadhali. Sisi tuko ughaibuni, tulifiwa na kijana wetu, tukawa tunachanga kusafirisha mwili. Akajisajili mtu kwa jina la mweka hazina wetu, picha ileile, herufi moja tu imeongezwa. Akawaandikia watu faragha mmoja mmoja: "Namba ya michango imebadilika, tuma hapa." Watu wana uchungu, nani atahesabu herufi? Wakatuma. Tulishtuka pale mama wa marehemu alipopiga simu kuuliza mbona michango imesimama. Nilikosa la kumjibu yule mama. Mpaka leo nikiona jina jipya, moyo unaruka.

Kaka Bandari: Pole sana mama.

Binti Mrima: Jamani! Hela zilirudi?

Mama Nuru: Ambayo haikuwa imetolewa ilizuiliwa. Nyingine ilikwenda. Sasa mgeni hatumii ujumbe wa faragha mpaka mwanachama wa zamani amdhamini.

Simba Mkali: Fungia nchi zote za nje, mchezo kwisha.

Mama Nuru: Mwanangu, sisi wenyewe tuko huko nje.

Fundi Chuma: Hata IP moja, yaani namba ya anwani ya intaneti, usifungie ovyo. Wateja wengi wa simu hutoka kwa IP moja ya mtandao wao, utafungia mtaa mzima. Weka kisanduku kilichofichwa kwenye fomu: mtu hakioni, roboti inajaza kila kitu. Kikijazwa, kataa.

Binti Mrima: Hicho hakimzuii mwizi wa Mama Nuru. Yule ni binadamu.

Mwana wa Ziwa: Kweli. Kwa binadamu, kila ombi lisomwe na mtu, na majina ya viongozi yasisajiliwe tena hata kwa kuongeza nukta.

Mlinda Lango: Kisanduku cha tovuti nimekitoa. Swali nimeweka jina la utani la mwalimu wetu wa hesabu. Mama Nuru, huyo mdhamini akimdhamini tapeli, mnamchukulia hatua gani?