Skopu ya bunduki naweza kuangalilia ndege? Bajeti thao (elfu) 20

KijanaWaSabaki
Salaam aleikum wadau. Mimi natembeza wageni hapa Malindi, zaidi nawapeleka mlango wa mto Sabaki kuangalia ndege, siku zingine hori ya Mida na msitu wa Arabuko Sokoke. Darubini niliyo nayo ni kuukuu, kuna mgeni aliniachia miaka hiyo, upande mmoja umeingia ukungu ndani na kile kigurudumu cha fokasi kimelegea, mgeni akiuliza yule pale ni ndege gani namwambia ngoja kidogo, nikimaliza kuzungusha ndege kashaenda zake. Sasa nimeona onlaini skopu ya bunduki imeandikwa 6-24x50, bei yake iko chini kuliko darubini nyingi za maana na muuzaji anasema inavuta mpaka mara 24. Nikawaza nikiifunga kwenye tripodi si itakuwa sawa na zile teleskopu wageni wanakuja nazo? Bajeti ni thao 20, nikijikaza 25 lakini hiyo mama watoto asiisikie. Sina bunduki wala siwindi kitu, nataka kioo tu. Nichukue hiyo ama niende darubini ya kawaida, na kama ni darubini ni 8x42 ama 10x42? Watu wananichanganya.

MwanaAmu_Ng'ambo
Wa aleikum salaam ndugu yangu. Mie mtu wa Amu, mzaliwa wa Langoni, ila sasa niko Australia kwenye shamba la kondoo na bunduki ninayo kwa leseni, kwa hivyo hizo skopu nazijua vizuri. Huku twapiga sungura wanaomaliza majani na mbweha wanaokula wana kondoo, na wikendi twenda kupiga shabaha. Nikwambie tu mapema, usinunue.

Ile imetengenezwa kwa mtu aliyelala chini, shavu limekaa kwenye kitako cha bunduki, analenga kitu kimoja ambacho umbali wake anaujua. Jicho lako lazima likae nyuma ya kioo sentimita tisa hivi kwa sababu bunduki inarudi nyuma ikilia, sasa wewe kwenye tripodi shavu utaliweka wapi? Ukisogea kidogo picha yote inakuwa nyeusi. Halafu ukiifikisha 24 unaona upana wa mita moja na nusu tu pale mita 100, wakati darubini ya 8x42 ya kawaida inakuonyesha karibu mita 13. Utamtafuta membe mmoja ndani ya mita moja na nusu mpaka mgeni alale. Na zile nyingi za bei rahisi zimepangwa paralaksi yake, yaani umbali ambao picha na mistari ya kulengea vinakaa pamoja sawasawa, kwa yadi 100 kiwandani, kitu kilicho karibu hakiingii sawa, na zenye kitufe cha kurekebisha pia zina mwisho wao, ndege wa msituni aliye mita tatu hutamuona abadan. Na ile mistari ya kulengea iko pale katikati ya picha, haitoki. Mgeni analipa pesa yake amuone heroe halafu unamuonyesha heroe aliyechorwa msalaba kifuani.

Kwa wenye bunduki wanaosoma hapa wakiwa nje, maana najua mpo: kwa sungura 3-9x40 yatosha sana, au 4-12 ukitaka, hiyo 6-24 ni ya shabaha za mbali au vinyama vidogo kwenye uwanda ulio wazi, na hapo kitufe cha paralaksi pembeni ni lazima. Angalieni mistari na vile vitufe vya juu vya kuzungusha viwe kipimo kimoja, si mistari ya mili na vitufe vya MOA (vyote viwili ni vipimo vya pembe), mtajikuta mwafanya hesabu huku mbweha anaondoka. Kitufe cha robo MOA kila mlio mmoja kinasogeza shabaha kama milimita 7 kwa mita 100, cha mili 0.1 ni sentimita moja kamili, mie napenda hicho kwa sababu kichwa changu si cha hesabu. Na kuna zile ambazo mistari inakua pamoja na picha ukizumu na zile ambazo mistari inabaki vile vile, hizi za pili vipimo vyake ni sahihi kwenye zumu moja tu, mara nyingi ile ya juu kabisa. Kwa shabaha ya umbali mmoja hazina neno na ni nafuu.

Lakini wewe kaka, hayo yote hayakuhusu.

BintiKipini
Yakhe mie si mjuzi wa vioo lakini niongeze moja. Uwindaji Kenya umepigwa marufuku tangu 1977 na silaha zina sheria kali, sasa wewe unatembea na mgeni ufukweni na kitu ambacho kila askari akikiona anajua ni cha bunduki, utajieleza mangapi? Huko kwenu Malindi labda watakucheka tu. Njoo nacho upande huu wetu wa Lamu karibu na msitu wa Boni, penye operesheni ya usalama, uone kama kuna mtu atauliza habari za ndege.

KijanaWaSabaki
😂😂 Dada umenimaliza. Sawa skopu nimeiacha, hata ile picha ya heroe na msalaba imenitosha. Haya tuje kwa darubini.

Kitwitwi
Kaka karibu. Mimi niko Watamu na ndege ndio maisha yangu, acha nikueleze pole pole maana hapa ndipo watu hutupa pesa.

Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza unapata ukubwa wa mwanga unaoingia jichoni. 8x42 inakupa milimita 5 na kitu, 10x42 inakupa 4.2, ile skopu yako ya 24x50 ilikuwa inakupa 2 tu. Saa sita mchana pale Sabaki jua likiwaka huoni tofauti yoyote, mboni yako yenyewe imejibana. Ingia Arabuko Sokoke saa kumi na mbili asubuhi chini ya miti ndio utajua. Yule bundi mdogo wa Sokoke analala mchana kwenye vichaka vilivyoshonana, hana urefu wa hata sentimita 20, rangi yake na ya majani makavu ni moja, na mara nyingi ukionyeshwa uko hatua chache tu kutoka kwake. Hapo unataka darubini yenye mwanga, picha pana, na inayofokasi karibu, mita mbili tatu hivi. Na sange yule, kinyama chenye pua ndefu na makalio ya dhahabu, akikatiza njia hakupi sekunde ya kutafuta. Kwa hiyo mimi nasema 8x42 bila kufikiria mara mbili.

Kwa thao 20 angalia Celestron Nature DX 8x42, ina prizimu za kioo kizuri cha BaK-4, imejazwa naitrojeni isishike ukungu ndani, na haiingii maji. Siku ukiwa na pesa zaidi kuna Vortex Diamondback na Nikon za Monarch, vioo vizuri zaidi. Nikon Aculon ni nafuu na picha yake nzuri ila haizuii maji, kwa mtu wa mitumbwi hapana. Na tafadhali zile ndogo za mkononi zilizoandikwa 30x60 wanazouza barabarani usiziguse, chukua rula upime kile kioo cha mbele uone kama hiyo 60 iko.

NahodhaWaMida
Kitwitwi ni rafiki yangu lakini leo namkatalia. Huyu kijana kasema ZAIDI anaenda Sabaki. Pale ndege wako ng'ambo ya maji kwenye mchanga, mbali, membe na shakwe kwa mamia wamekaa pamoja, na wakati wa kusi wale ndege wageni wa kutoka Madagaska wako katikati yao wadogo wadogo, kwa 8 utasema ni mawe. 10x42 achukue. Msituni mwanga ukipungua atavumilia, kwani bundi ataonyeshwa na wenye msitu wao.

Kitwitwi
Nahodha na wewe wimbi likipiga mtumbwi hiyo 10 unaishikaje? Kila mtetemo wa mkono unakuzwa mara 10 pia. Na mgeni mzee ambaye mkono hautulii, unampa 10 anaona kizunguzungu. Halafu kwa umbali wa Sabaki hata 10 haitoshi, pale ni teleskopu yenyewe ya 20-60 kwenye tripodi, ambayo kwa thao 20 hapati ya maana. Aanze na 8, akusanye, mwakani anunue teleskopu. Na hiyo 60 ataitumia hewa ikiwa imepoa tu, jua likikolea ule mvuke wa joto juu ya mchanga unafanya ndege wacheze kama wako chini ya maji, unarudi 25 au 30 upende usipende.

NahodhaWaMida
Kwa mtumbwi kweli, hapo sibishani, mwenyewe natumia 7x50 ya zamani nzito kama tofali. Lakini Sabaki anasimama kwenye mchanga, hayumo mtumbwini. Na mchanga hautikisiki.

MwanaAmu_Ng'ambo
Upepo wa kusi unatikisa mtu 😄 lakini Nahodha yupo sahihi kidogo, mie huku uwandani natumia 10. Ila mie siingii msituni.

KijanaWaSabaki
Mmenisaidia na mmenichanganya pia lol. Nafikiri 8 kwa sababu wageni wangu wengi ni wazee wa Kitaliano na darubini ni moja, tunapokezana. Swali la mwisho, ule ukungu ndani ya ile ya zamani unasafishika? Na hiyo mpya nifanyeje isiharibike, maana hapa chumvi iko mpaka kwenye hewa.

Kitwitwi
Ukungu ukishakaa ndani mara nyingi ni fangasi, inakula ile rangi ya juu ya kioo, fundi anaweza kuifungua lakini kupanga zile prizimu zirudi sawa ni kazi na gharama yake inakaribia darubini mpya. Iache.

Mpya usiiweke kwenye mfuko wa ngozi kabatini, ngozi inashika unyevu. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, tupia ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, viwe vingi, vikichoka tia vingine. Ukitoka baharini na kama kweli ni ya kuzuia maji, imwagie maji baridi ya kunywa, chumvi iyeyuke, ndio ufute. Usifute kavu na kikoi! Mchanga wa Sabaki ni mwembamba, unachora kioo na mikwaruzo haitoki. Puliza kwanza.

Na asubuhi pale Sabaki jua linatoka baharini linakupiga usoni, ndege wote wanakuwa vivuli, hata darubini ya milioni haikusaidii. Wapeleke wageni saa kumi jioni, jua liko mgongoni. Mida ni hesabu ya maji, nenda yanapoanza kujaa, yale yanawasukuma ndege waje karibu na lile daraja la mbao. Wale ndege weupe wenye mgongo mweusi wanaokula kaa wapo wakati wa kaskazi, hapo hata darubini mbovu inatosha.

BintiKipini
Na ukienda kununua usinunue kwenye boksi limefungwa.

Kitwitwi
Kweli kabisa. Toka nayo mpaka mlangoni, ishike mbali na uso uelekeze kwenye mwanga, vile viduara viwili vya mwanga viwe duara kamili, vikiwa na pembe pembe za kijivu prizimu ni za bei ya chini. Halafu angalia waya wa stima au bango la ng'ambo ya barabara kwa macho yote mawili dakika mbili nzima. Ukihisi jicho linavutwa au kichwa kinauma vioo haviko sambamba, mrudishie uombe nyingine, na kama hana nyingine ondoka.