Mgeni wa Kigoma akomee Gombe, au aingie mitaani?

Juzi barazani hapa Mwanga, mjini Kigoma, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema hivi: watalii wapelekwe kwenye hifadhi za sokwe za Gombe na Mahale, wapitishwe kwenye makumbusho ya Livingstone pale Ujiji, basi. Mitaani kwetu wanafuata nini? Wakiingia huko watatupiga picha kama wanavyowapiga sokwe. Wengi waliitikia. Mimi sikukubali, na naomba tulijadili.

Nikiri kwanza kwamba mzee hakusema uongo. Kibirizi nimeshuhudia mwenyewe. Akina mama wanaanika dagaa, jua la saa saba liko utosini, gari likasimama, mgeni akashuka. Akapiga picha mfululizo, akapanda, wakaondoka. Hata "poleni na kazi" hakusema. Mama aliyekuwa karibu yangu alijifunika uso kwa kanga. Iliniuma, na bado inaniuma.

Lakini yule mgeni hakuingia mtaani. Alipita tu, na aliyemleta hakumtambulisha kwa mtu yeyote.

Nami nimewahi kuwa mgeni kwa watu. Safari yangu ya kwanza Bujumbura, nikipitia mpakani Manyovu, nililala hotelini siku tatu nikarudi sina la kusimulia ila bei za vitu. Safari ya pili nikafikia Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule, kwa shemeji ya rafiki yangu. Mama mwenye nyumba akanituma sokoni peke yangu. Huko ndiko nilikojua kwamba mgebuka wetu wao wanamwita mukeke, na dagaa ni ndagala: ziwa moja, samaki walewale. Nikapunjwa kipimo, yule mama akanirudisha nikadai haki yangu, na muuzaji akanijazia huku akiniuliza habari za Kigoma. Kuanzia siku ile nikipita sokoni nilisalimiwa. Hoteli gani ingenipa hayo?

Najua wapo watakaonitajia miji ya Ulaya na Japani. Ni kweli, mwaka 2024 Venice ilianza kuwatoza euro 5 wageni wa kutwa katika siku za msongamano, na mwaka huohuo huko Kyoto wakazi wa mtaa wa Gion waliwafungia watalii vichochoro vyao binafsi kwa sababu geisha, wasanii wa kike wa jadi, walikuwa wakiandamwa na kamera. Miji ile imeelemewa na wingi wa watu. Sisi nani ametuelemea? Mgeni anafika jioni, alfajiri yuko kwenye boti kwenda Gombe.

Na hiyo ziara ya Ujiji ndiyo inayonisikitisha zaidi. Mgeni anaonyeshwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, kisha anatoka getini na kuingia garini. Katoka kwao mbali kuja kusikia habari za wageni wenzake wawili! Mita chache kutoka hapo kuna Wamanyema ambao wazee wao walivuka ziwa kutoka Kongo, kuna Waha, kuna misikiti na madrasa, kuna migebuka inayoungwa kwa mawese na ugali wa muhogo. Hayo yote anayaacha nyuma kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Ninavyoona mimi, mgeni afikie kwa mwenyeji walau siku mbili. Hela ya chakula aiweke mkononi mwa mama aliyekipika. Anayemwongoza awe kijana aliyezaliwa mtaa uleule, anayejua nyumba ya kubisha hodi na nyumba yenye msiba ya kupita kimya. Picha ni mpaka aombe, na akikataliwa aridhike.

Mnaopinga, nijibuni hili: yule mama wa Kibirizi angejifunika uso kama mgeni yule jana yake angekuwa amekula kwake?